Mama Dakika na Dawa Isiyosubiri

Ndugu, majirani, wafanyakazi wenzake na wote mliofika kumsindikiza dada yetu, haya ndiyo maisha yake, kwa ufupi tulioweza. Familia imeyasoma na kuyakubali, isipokuwa sehemu moja ambayo haimo kwenye vijitabu mlivyoshika. Tutakapoifikia mtaambiwa, msije mkadhani mmepewa nakala yenye kasoro.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 9 Februari 1965, saa moja asubuhi, katika nyumba namba kumi na saba ya wafanyakazi wa reli. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wawili. Baba yake alikuwa akiruhusu na kusimamisha treni kituoni kwa bendera na taa, na kazi hiyo ilimpa saa ya mfukoni ambayo hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuigusa. Marehemu aliigusa. Alipokuwa na miaka sita alianza kuandika kwa mkaa, ukutani nyuma ya mlango, muda ambao kila treni ilipita. Siku moja baba alirudi kutoka kazini, hata viatu hajavua, akaambiwa: "Baba, treni ya saa tisa leo imechelewa dakika kumi na moja, na ni wewe uliyeisimamisha." Baba alimgeukia mama akasema, "Huyu mtoto atakuja kunimwagisha unga." Ukuta ule haukupakwa rangi mpaka familia ilipohama.

Alisoma shule ya msingi ya reli kuanzia Januari 1972 hadi 1978, kisha sekondari ya bweni ya wasichana, akamaliza kidato cha nne mwaka 1982 na cha sita mwaka 1984. Mdogo wake, ambaye ndiye anayewasomea wasifu huu, alimfuata katika shule zile zile akiwa nyuma yake kwa miaka minne, na kila mwalimu mpya alimuuliza swali lile lile: "Wewe kweli ni mdogo wake yule?" Lilimchosha mpaka akaamua kuwa mwalimu yeye mwenyewe, angalau awe ndiye anayeuliza. Marehemu alijiunga na chuo kikuu mwaka 1985, akahitimu shahada ya kemia mwaka 1989. Machi 1990 aliajiriwa katika maabara ya hospitali kuu, na hakuajiriwa kwingine kokote mpaka mwisho wa maisha yake.

Mumewe alimpata kwa sababu ya friji. Mwaka 1993 friji la maabara liliharibika, akaitwa fundi. Fundi alipofika, marehemu alimfungia mlango kwa saa mbili kasoro dakika tano, kwa sababu ndani kulikuwa na kipimo kisichotakiwa kuguswa na hewa ya nje. Fundi alikaa kwenye kiti cha korido na mkoba wake wa spana. Mlango ulipofunguliwa alisema, "Dada, nimezoea kusubiriwa na friji. Leo nimelisubiri mimi." Marehemu hakucheka, ila alimkumbuka. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 20 Agosti 1994. Siku hiyo bibi harusi aliangalia saa mara nyingi mno, mpaka mama mkwe akamwinamia na kumuuliza, "Mwanangu, una haraka ya kwenda wapi? Ndio umeshafika." Mungu aliwajalia binti mmoja, mwaka 1997.

Tuje kwenye kazi yake, ambayo wengi wetu tuliisikia tu bila kuielewa. Mwaka 2003 hospitali ilimpeleka masomoni nje ya nchi, akakaa miaka minne akijifunza kutengeneza dawa za mionzi. Binti yake, akiwa na miaka sita, alilelewa na mdogo wa marehemu. Mwaka 2009 hospitali ilipata mashine kubwa ya kuzalisha mionzi, na marehemu akapewa chumba cha chini kabisa, mlango wa pili kushoto baada ya stoo ya mashuka. Hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na kabati la madini ya risasi, la kuzuia mionzi, lenye kioo kinene cha rangi ya chai hafifu, mikono miwili ya chuma ya kushikia vichupa, na saa mbili ukutani, maana moja ingeweza kusimama.

Dawa aliyoitengeneza haikuwa ya kuponya. Ilikuwa ya kuonea. Alipomwelezea mama yetu, ambaye naye ameshatangulia, alisema hivi: "Mama, chukulia namtuma mjumbe ndani ya mwili, nimempa tochi. Mjumbe anaijua saratani kwa sura. Akiiona, anaikumbatia na tochi yake, na sisi nje tunaona mwanga." Mama akauliza tochi hiyo inadumu muda gani. "Kila dakika mia na kumi, nusu yake imekwisha." Mama alisema basi hiyo ni tochi ya kichina, na marehemu akacheka hadi akashika ukuta.

Kwa hiyo alikimbizana na saa kila siku ya kazi. Mionzi ilizalishwa alfajiri, dawa ikatengenezwa asubuhi, ikapimwa kwa haraka, mgonjwa akachomwa sindano yake kabla ya saa sita mchana. Baadhi ya vipimo vyake, kama kile cha kuangalia vijidudu, vilichukua wiki mbili kutoa majibu, wakati dawa yenyewe ilishachomwa na kufa zamani. Dereva aliyekuwa akibeba vichupa kwenda hospitali ya pili, katika masanduku ya risasi yenye uzito wa mtoto mnene, alimuuliza, "Mama, hii ni dawa au aiskrimu?" Ni yeye aliyembatiza jina la Mama Dakika. Lilimshika, na hata kwenye mlango wa ofisi yake mtu aliliandika kwa kalamu, naye hakulifuta.

Tangu mwaka 2010 alikuwa na shughuli moja kubwa: kutafuta dawa ya kuonea saratani ya tezi dume ikiwa bado ndogo, maana dawa ya zamani ilikuwa haioni mpaka mambo yameharibika. Mara tatu aliibadilisha, mara tatu mjumbe alipotea njia. Tarehe 3 Oktoba 2014, kwenye picha ya mzee mmoja ambaye skani mbili za zamani zilimwambia hana kitu, kilionekana kidoa kama punje ya dengu pembeni ya kibofu. Kilikuwepo kweli, kikatolewa, na mzee yule yu hai. Wenzake wanasema siku hiyo Mama Dakika, aliyekuwa hacheki kazini, alipiga vigelegele mpaka wafua mashuka wakaja kuchungulia.

Hapa ndipo kijitabu kinasema, "Aliendelea na kazi yake kwa uaminifu hadi alipostaafu kwa sababu za afya." Sentensi hiyo si uongo. Lakini mdogo wake, aliyeiandika, anaomba radhi kwa kuifanya fupi. Jana alimwendea shemeji yake na karatasi zinazofuata. Shemeji alizisoma zote, akazikunja, akazirudisha. "Zisome, shemeji," alisema. "Dada yako ameishi na jambo hili ndani ya nyumba yangu kama mpangaji. Leo litoke."

Jumatano, tarehe 11 Mei 2016, wagonjwa watatu walikuwa wanasubiri dawa mpya. Mmoja alikuwa fundi cherehani, mwenye duka la sare za shule mtaa wa nyuma ya soko, baba wa watoto wanne. Saratani yake ilikuwa bado ndogo, na daktari wa upasuaji alishampangia tarehe. Picha ya siku hiyo ilikuwa ya kuhakikisha tu kwamba haijatembea.

Marehemu alipima dawa kama kawaida, kuona kama tochi zote zimeshikwa na wajumbe wao. Kiwango kilichotakiwa kilikuwa asilimia tisini na tano au zaidi. Kipimo kikasoma tisini na moja. Kipimo kile kilikuwa na tabia ya kusoma vibaya tone likidondoka vibaya, na kila mtu chumbani alilijua hilo. Saa zote mbili ukutani zilikuwa zinakwenda. Wagonjwa hawajala tangu jana yake, wa kwanza ameshalala kitandani na sindano mkononi. Akapima tena. Kikasoma tisini na sita. Fomu ilikuwa na kisanduku kimoja cha jibu. Aliandika tisini na sita, akatia saini.

Kilichokuwa kweli ni kile cha kwanza. Tochi zilikuwa zinabanduka, na ziliendelea kubanduka ndani ya mwili. Tochi ya aina ile mjumbe akiidondosha, mifupa huiokota. Picha ya fundi ilionyesha mwanga kwenye uti wa mgongo, mbavu na nyonga. Daktari aliyesoma picha aliandika alichokiona. Daktari wa upasuaji akafuta tarehe, kwa maana saratani ikishaingia mifupani hakuna sababu ya kumpasua mtu. Fundi aliambiwa arudi nyumbani na vidonge vya kuipunguza kasi.

Siku tisa baadaye marehemu alikuwa akipanga picha za dawa mpya kwenye kompyuta, akaziona zile tatu kwa mstari. Watu watatu wasiojuana, na mifupa yao yote imewaka kwa namna moja. Alisimama, akafungua faili la fomu, akaona saini yake. Siku ile ile alitoa taarifa kwa maandishi, hakumtupia mtu mwingine lawama wala hakutaja tone. Wagonjwa wawili waliitwa, wakapigwa picha upya, mifupa yao ikaonekana safi, wakatibiwa. Fundi alikuwa amehama nyumba na kuzima simu, kama mtu aliyeambiwa hana cha kusubiri. Duka lilikuwa limefungwa. Alitafutwa, lakini kwa ule utafutaji wa ofisi, wa kupiga simu mara mbili na kuandika "hapatikani". Duka lilipofunguliwa tena, Juni 2017, aliyekaa kwenye cherehani alikuwa mjane wake.

Kama angepasuliwa angepona? Marehemu alijiuliza hilo mpaka mwisho, na madaktari waliopo hapa watawaambia hakuna anayejua. Kamati ya hospitali ilikaa, ikasema ni kasoro ya utaratibu, ikafunga jalada, ikampa marehemu barua ya kumkataza kuwasiliana na familia ile. Alichoweza kudai alikidai: fomu ikaongezwa kisanduku cha pili, na sheria ikawekwa kwamba kipimo cha kwanza kikikataa, dawa inamwagwa, hata kama mgonjwa ameshalala kitandani. Fomu hiyo inatumika mpaka leo asubuhi.

Lakini kisanduku hakikumtosha. Septemba 2017 aliandika barua kwa mkono, kurasa mbili, akaitia kwenye bahasha. Kwa kuwa yeye alikatazwa, alimpa mdogo wake, ambaye sare za wanafunzi wake zilishonwa kwenye duka lile. "Mpe mkononi," alimwambia. "Usimwachie mtoto. Na kama ana la kusema, hata la kunitukana, niletee kama lilivyo."

Mdogo wake alikwenda. Alimkuta mjane anashona kola, anacheka na mteja. Akafikiria kesi, akafikiria dada yake akifukuzwa kazi na dawa aliyoihangaikia miaka yote ikipigwa marufuku, akafikiria na binti aliyemlea, aliyekuwa mwaka wa kwanza chuoni. Alinunua vifungo sita vyeupe na kurudi nyumbani. Jioni dada yake alipompigia, alimwambia, "Nimempa. Ameisoma. Amesema hana la kujibu."

Marehemu akasema, "Ana haki."

Kila mwaka, mwezi Mei, aliuliza: "Yule mama hajasema kitu?" Na kila mwaka mdogo wake alijibu, "Bado." Kila mwaka pia alikwenda dukani na barua mkobani, akijiapiza kwamba leo ndiyo leo, akatoka na vifungo. Nyumbani kwake kuna kopo la maziwa la vifungo ambavyo havijawahi kushonwa popote. Mwalimu huyu, anayewachapa maneno watoto wa watu kwa kusema uongo kuhusu kazi za nyumbani, alimdanganya dada yake wa pekee kwa miaka saba, na alijiambia kwamba anamlinda. Alikuwa anajilinda yeye. Aliogopa uso wa mwanamke mmoja.

Sasa turudi kwenye kijitabu, ukurasa wa tano.

Marehemu alianza kuugua mwaka 2021, kwa kuvimba miguu na kukosa pumzi akipanda ngazi. Vipimo vilionyesha moyo umepanuka. Wapo waliosema kichinichini kwamba mionzi imemmaliza, na tunaomba maneno hayo yaishie hapa. Kila mwezi kwa miaka yote aliyokaa chumba kile kibeji chake cha kupimia mionzi kilikaguliwa, na hakikuwahi kuvuka kiwango. Baba yetu naye alikufa kwa moyo, bila kuona mionzi yoyote zaidi ya taa za treni. Alistaafu Januari 2022. Hata hivyo vijana wake walimpigia simu kila walipokwama, naye aliwajibu akiwa amelala ubavu wa kushoto na simu juu ya mto.

Alilazwa mara ya mwisho tarehe 6 Oktoba 2024, wodi ya ghorofa ya pili, kitanda cha karibu na sinki. Jumatano tarehe 16, mchana, mdogo wake alikuwa anampaka mafuta miguuni. Marehemu alimuuliza, japokuwa haukuwa mwezi Mei, "Yule mama?"

Mdogo wake aliinamisha kichwa akaendelea kupaka. "Bado, dada."

"Basi," alisema marehemu. "Mimi nilitaka tu aijue ile sehemu ya pili." Hakueleza ni ipi, na mdogo wake hakuwa na ujasiri wa kuuliza, maana angejisaliti kwamba ameikalia. Alifariki kesho yake, Alhamisi, tarehe 17 Oktoba 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Muuguzi aliyeandika muda huo aliutazama kwenye saa ya mkononi ya marehemu, kwa sababu saa ya wodi ilikuwa imesimama.

Juzi Jumamosi, mdogo wake alikwenda dukani.

"Karibu, mwalimu," alisema mjane. "Vifungo?"

"Hapana, mama. Nimeleta barua. Ni ya dada yangu, amefariki Alhamisi. Imekaa kwangu miaka saba."

Mjane alivaa miwani akaisoma pale pale, mguu ungali kwenye kanyagio la cherehani. Alisoma ukurasa wa kwanza uso umekunjamana. Wa pili aliusoma mara mbili, kisha akausoma kwa sauti, polepole: "Nimeona kwenye faili kwamba ulimwambia daktari ulimchelewesha mumeo. Hukumchelewesha. Alikuja mapema. Alikuja wakati ambao bado angeweza kusaidiwa, na sisi ndio tuliomwonyesha daktari ugonjwa ambao haukuwepo. Naomba usibebe mzigo wangu."

Aliiweka barua juu ya kitambaa cha sare. "Miaka minane," alisema. "Miaka minane najiambia ningemleta Januari. Aliponiambia maumivu yale, nilimwambia tumalize kwanza sare za watu, shule zinafunguliwa. Watoto wangu hawajui kwa nini silali." Akamtazama mwalimu. "Na wewe ulikuwa unakuja hapa kununua vifungo."

"Ndiyo, mama."

"Barua iko mkobani."

"Ndiyo."

Hakupiga kelele. Mdogo wa marehemu alitamani apige. "Wewe sijakusamehe, usije ukajidanganya," alisema mjane. "Wewe na mimi tuna siku yetu. Na dada yako sijui, bado ni mapema mno kwangu kujua. Lakini alikuwa anauliza?"

"Kila mwaka. Hata siku moja kabla hajafa."

"Basi kamwambie imefika. Siyo kimoyomoyo. Mwambie watu wakisikia, kama ulivyonyamaza watu wasisikie."

Marehemu ameacha mume, binti mmoja, mkwe, mjukuu wa kike mwenye miezi kumi na minne, na mdogo wake mmoja. Ameacha wanafunzi kumi na mmoja katika chumba cha chini, na fomu yenye visanduku viwili. Ameacha watu ambao saratani zao zilionekana zikiwa kama punje ya dengu, ambao wengi wao hawalijui jina lake. Ameacha pia familia ya fundi cherehani. Kuna mmoja wao amekuja leo. Tunamshukuru kwa kuja, wala hatutamwonyesha kwa kidole.

Dada, yule mama ameisoma barua yako, kurasa zote mbili. Sehemu ya pili ameijua. Haikumfikia kwa wakati, na kosa hilo si lako, ni la mjumbe.

Imefika, dada. Sasa lala, na amani iwe yako.